Dawa za Kumsaidia Mtu Kuacha Sigara

Katika gazeti hili tumezoea kuandika habari za mbegu, za mbolea na za magonjwa ya mifugo. Mwezi huu twataka kuandika habari za mkulima mwenyewe, maana shamba halilimiki ikiwa mwenye jembe hana pumzi.

Wako wengi miongoni mwetu wavutao sigara au kiko, au wanusao ugoro, na ambao wamekwisha kujaribu kuacha. Mtu hutupa pakiti yake siku ya Jumatatu, huvumilia Jumanne na Jumatano, na siku ya Alhamisi huonekana dukani akinunua sigara moja “ya mwisho”. Majirani humcheka na kusema kwamba hana moyo. Mkewe hukasirika kwa ajili ya fedha. Mwishowe yeye mwenyewe husadiki kwamba hawezi, wala hajaribu tena.

Maneno hayo si ya haki. Mtu huyo hakushindwa kwa sababu ni mvivu au mlegevu. Ameshindwa na kitu kilicho ndani ya tumbako, kiitwacho nikotini, nacho kina nguvu nyingi. Siku hizi ziko dawa zilizojaribiwa sawasawa ambazo humsaidia mtu kushindana nacho. Lakini dawa hizo zina sharti moja kubwa: hapana budi zitumiwe kwa kipimo chake na kwa muda wake wote. Mwenye ng'ombe hapeleki mifugo yake kwenye josho mara moja tu kwa mwaka, kisha akailaumu dawa ya kupe kwamba haifai.

Jambo hili si la watu wachache. Katika uchunguzi uliofanywa mwaka 2014, watu wazima karibu milioni 2.5 katika Kenya, yaani karibu 12 katika kila 100, walionekana kuwa watumia tumbako ya namna moja au nyingine.

Nikotini ni kitu gani?

Mmea wa tumbako hujitengenezea nikotini iwe sumu ya kuwazuia wadudu wasile majani yake. Mkulima anayeloweka majani ya tumbako na kunyunyiza maji yake juu ya sukuma yenye vidukari hutumia sumu hiyo hiyo.

Mtu avutapo moshi, nikotini hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Huko huleta raha kidogo na utulivu kidogo. Ubongo ukizoea, wataka kupata raha hiyo kila mara. Baada ya saa 2 hivi, nusu ya nikotini iliyokuwa katika damu imekwisha kuondoka, na mwili waanza kudai nyingine. Ndiyo sababu mvutaji wa siku nyingi huamka akatafuta kiberiti kabla ya kunawa uso.

Akiacha ghafula, mwili hulalamika. Hupata hasira za bure, wasiwasi, njaa nyingi, usingizi mbaya, na mawazo yasiyotulia. Mambo hayo huanza siku ya kwanza, huwa makali kabisa katika siku 2 au 3 za kwanza, kisha hupungua pole pole kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Basi yule ndugu yetu aliyerudi dukani siku ya Alhamisi alikuwa amekwisha kupanda sehemu kali ya mlima. Alichokosa ni fimbo ya kutegemea.

Hapa yafaa msomaji aelewe jambo moja vizuri. Nikotini ndiyo imfungayo mtu, lakini kinachomwua ni moshi. Ndani ya moshi wa sigara mna lami ishikayo mapafu, na mna kaboni monoksidi, ile hewa mbaya ambayo huwaua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Mna na vitu vingine maelfu, na karibu 70 katika hivyo vyajulikana kuwa huleta saratani. Kwa hiyo waganga walifikiri hivi: tumpe mtu nikotini kidogo bila moshi, mwili usilalamike sana, kisha tuipunguze pole pole mpaka iishe.

Habari iliyotoka shambani

Wakulima wa tumbako, kama wale wa Migori, Busia na Meru, watalielewa jambo hili upesi. Mtu akivuna majani mabichi yakiwa na umande au mvua, yaweza kutokea kwamba jioni yake anapata kizunguzungu, anaumwa na kichwa na anatapika, hata kama hajavuta sigara maishani mwake. Huo ni ugonjwa wa tumbako mbichi. Nikotini imetoka katika majani yaliyolowa, ikapita katika ngozi, ikaingia katika damu.

Katika Marekani, mtaalamu Murray Jarvik wa chuo kikuu cha California mjini Los Angeles alizifikiri habari za ugonjwa huo wa wavunaji. Yeye na mwenzake Jed Rose walijiuliza: ikiwa nikotini hupita katika ngozi na kumwumiza mvunaji, je, haiwezi kupitishwa humo kwa kipimo kidogo ili kumsaidia mvutaji? Walipokosa ruhusa ya kuwajaribu watu wengine, waliweka tumbako juu ya ngozi zao wenyewe, na mioyo yao ikaenda mbio kama ya mtu avutaye. Katika kazi hiyo ikatoka plasta ya nikotini, na mwaka 1991 serikali ya Marekani ilitoa ruhusa itumiwe.

Kwa wale ambao bado wanalima tumbako, twatoa shauri hapa hapa: ngojeni majani yakauke kabla ya kuyavuna, vaeni mikono mirefu na glavu, oshani mwili kwa sabuni baada ya kazi, wala msiwape watoto kazi hiyo.

Dawa zenye nikotini

1. Plasta. Hii hubandikwa juu ya ngozi kavu isiyo na nywele nyingi, kama vile juu ya mkono au kifuani, nayo hutoa nikotini pole pole mchana kutwa. Hubadilishwa kila siku, na kila siku huwekwa mahali pengine ili ngozi isiwashe. Kwa kawaida mtu aliyekuwa akivuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na plasta ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha ya miligramu 14 kwa wiki 2, kisha ya miligramu 7 kwa wiki 2. Aliyekuwa akivuta 10 au chini yake huanza na ile ya miligramu 14. Ikiwa plasta yamletea mtu ndoto nyingi, aweza kuibandua wakati wa kulala.

2. Chingamu ya nikotini. Hii ilitengenezwa Sweden na Ove Fernö mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya kusikia habari za mabaharia wa nyambizi ambao hawakuweza kuvuta wakiwa chini ya maji, wakawa wanatafuna tumbako. Iko ya miligramu 2 na ya miligramu 4. Mtu ambaye huvuta sigara yake ya kwanza kabla ya kupita nusu saa tangu kuamka, huyo atumie ya miligramu 4.

Watu wengi huiharibu dawa hii kwa kuitafuna kama peremende ya watoto. Sivyo. Itafune pole pole mpaka usikie ukali kama wa pilipili. Hapo acha kutafuna, uiweke kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha, tafuna tena kidogo, uiweke upande mwingine. Fanya hivyo kwa nusu saa. Nikotini yake huingia kwa njia ya ngozi ya kinywa. Ukiimeza pamoja na mate haikufai, itakuletea kwikwi na kiungulia tu. Tena, usinywe kahawa, soda wala maji ya matunda kwa dakika 15 kabla ya kutafuna, maana uchachu wake huizuia dawa isiingie. Katika wiki 6 za kwanza tumia moja kila baada ya saa 1 au 2, wala usipite 24 kwa siku. Kisha upunguze, na baada ya wiki 12 uwe umemaliza.

3. Vidonge vya kumumunya. Hivi hufanya kazi kama chingamu, navyo vyawafaa wazee ambao meno yao ni mabovu au wana meno ya kubandika. Kidonge huachwa kinywani kiyeyuke chenyewe. Hakitafunwi wala hakimezwi.

Ni vizuri kuchanganya. Plasta ni kama maji ya mfereji, ambayo hupita mchana kutwa. Chingamu au kidonge ni kama debe la kuongeza pale panapokauka. Mtu abandike plasta asubuhi, na hamu ikija kwa nguvu, kama vile baada ya chakula, atumie chingamu. Njia hii imeonekana kushinda ile ya kutumia dawa moja peke yake.

Dawa zisizo na nikotini

Hizi hutolewa kwa cheti cha daktari. Usizinunue kwa kusikia maneno ya rafiki.

1. Vareniklini. Dawa hii imetumiwa tangu mwaka 2006. Hukaa katika ubongo mahali pale pale ambapo nikotini hukaa. Kwa hiyo hufanya kazi mbili: humtuliza mtu asitamani sana, na akivuta sigara haoni raha ile aliyoizoea. Mgonjwa huanza kuimeza wiki 1 kabla ya siku ya kuacha, kwa kipimo kidogo kinachopandishwa, na huendelea mpaka wiki 12 zitimie. Huweza kuleta kichefuchefu na ndoto za ajabu. Kichefuchefu hupungua mtu akiimeza baada ya kula, pamoja na bilauri nzima ya maji. Mwenye ugonjwa wa figo hana budi kumwambia daktari. Zamani watu waliogopa kwamba dawa hii huharibu akili. Lakini katika majaribio makubwa ya watu zaidi ya 8,000, yaliyotangazwa mwaka 2016, haikuonekana kuongeza maradhi ya akili kuliko plasta au vidonge vitupu.

2. Bupropioni. Hii ilikuwa dawa ya watu wenye huzuni nyingi, kisha ikaonekana kwamba wengine waliokuwa wakiitumia walipoteza hamu ya sigara. Nchini Marekani iliruhusiwa kwa kazi hiyo mwaka 1997. Nayo huanzwa wiki 1 au 2 kabla ya siku ya kuacha. Mtu mwenye kifafa asiimeze kabisa, wala mlevi aliyeacha pombe ghafula, maana yaweza kumletea kifafa.

3. Sitisini. Hii hutolewa katika mbegu za mti mmoja wa Ulaya wenye maua ya manjano. Katika Bulgaria imetumiwa tangu miaka ya 1960, na vareniklini yenyewe ilibuniwa kwa kuifuata. Humezwa kwa siku 25, vidonge vingi mwanzoni na vichache mwishoni. Mbegu zenyewe ni sumu, zisiliwe.

Mwezi wa Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza shauri lake, nalo lilizitaja dawa hizi zote: zile za nikotini, vareniklini, bupropioni na sitisini. Kwa watu wa ugoro na wa tumbako ya kutafuna, shirika hilo lilitaja dawa za nikotini na vareniklini.

Zasaidia kwa kiasi gani?

Gazeti hili halitaki kumdanganya mtu. Wataalamu walikusanya majaribio mengi wakatoa hesabu yake mwaka 2023. Katika watu 100 wanaojaribu kuacha bila dawa yo yote, karibu 6 huwa hawavuti baada ya miezi 6 au zaidi. Wakitumia namna moja ya nikotini, ni 8 au 9. Wakichanganya plasta na chingamu, ni karibu 12. Wakitumia vareniklini au sitisini, ni karibu 14. Bupropioni yakaribia kuwa sawa na plasta peke yake.

Mtu aweza kusema kwamba 14 katika 100 si wengi. Ni kweli. Lakini ni zaidi ya mara mbili ya 6, na hiyo ni kwa jaribio moja tu. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara nyingi kwanza. Tena, mtu akipata na mashauri ya mwuguzi au daktari pamoja na dawa, hesabu yake hupanda. Mkulima ambaye mvua za kwanza zimemdanganya hauzi jembe. Hungoja mvua nyingine akapanda tena.

Makosa yanayoharibu dawa

Kosa la kwanza ni kipimo kidogo. Mtu wa sigara 20 hutafuna chingamu 2 kwa siku, kisha husema dawa haina nguvu.

Kosa la pili ni kuacha mapema. Akiona wiki 2 zimepita salama, huzitia plasta zilizobaki sandukuni. Mwezi wa pili kuna matanga, wenzake wavuta, naye hana kinga.

Kosa la tatu ni kutupa dawa baada ya kuteleza. Ukivuta sigara moja, usiseme kazi yote imeharibika. Endelea na dawa siku hiyo hiyo.

Kosa la nne ni kuhama kutoka sigara kwenda ugoro na kuiita kazi hiyo kuacha. Tumbako ya kuweka kinywani huleta saratani ya kinywa. Na vile vifuko vidogo vya nikotini viuzwavyo kwa vijana, pamoja na sigara za umeme, havimo katika dawa zilizoshauriwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024. Hesabu ile ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba sigara za umeme zimewasaidia watu wengine kuacha, lakini kwa kijana ambaye hakuvuta kamwe, ni mlango wa kuingilia katika utumwa ule ule.

Wanaopaswa kumwona daktari kwanza

Mwanamke mwenye mimba au anyonyeshaye, mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa moyo karibuni, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye maradhi ya akili, na kijana aliye chini ya miaka 18, hao wote wasianze dawa bila daktari. Mwenye pumu anayemeza teofilini, na mwenye kisukari anayejidunga insulini, wamwambie daktari kwamba wanaacha sigara, maana huenda vipimo vya dawa zao vikahitaji kubadilishwa. Hata kahawa hupata nguvu zaidi katika mwili wa mtu aliyeacha kuvuta. Basi aliyezoea vikombe 4 anywe 2, asije akadhani kutetemeka kwake ni kwa kukosa sigara.

Dawa za nikotini ziwekwe mbali na watoto. Plasta iliyokwisha kutumiwa bado ina nikotini ya kutosha kumwumiza mtoto au mbwa. Ikunje, upande wa gundi ndani, uitupe chooni shimoni, kisha unawe mikono.

Mambo ya kufanya

Sisi wa ofisi ya kilimo si waganga. Nenda kwenye kituo cha afya au hospitali ya kaunti, ueleze unavuta sigara ngapi na ya kwanza huivuta saa ngapi. Maswali hayo mawili ndiyo yatakayoonyesha kipimo. Uliza bei ya muda wote wa dawa, si bei ya siku moja. Ikiwa kituo cha karibu hakina dawa, uliza hospitali kubwa au duka la dawa lililoandikishwa. Mtu aweza pia kupiga simu ya bure 1192 ya NACADA apate mashauri.

Kuhusu gharama, fanya hesabu kama ufanyavyo ya mbolea. Tuseme sigara moja ni shilingi 10, nawe wavuta 10 kwa siku. Hiyo ni shilingi 100 kwa siku, na kwa mwaka ni shilingi 36,500. Gharama ya dawa ni ya miezi 3; ya sigara haina mwisho.

Kisha chagua siku ya kuacha katika wiki 2 zijazo, uwaambie watu wa nyumbani. Ondoa viberiti na vibweta vya majivu. Hamu ikija, ngoja dakika chache. Huja kama wimbi, hupanda kisha hushuka. Kunywa maji, tafuna karanga au kipande cha mua, shika kazi ya mikono. Kwa wiki chache za kwanza, kaa mbali na pombe, maana ndiyo imrudishayo mtu upesi kuliko kitu kingine.

Mzee asiseme kwamba amechelewa. Katika Uingereza madaktari wanaume waliandikiwa habari zao tangu mwaka 1951, na matokeo ya miaka 50 yakatangazwa mwaka 2004. Walioacha sigara wakiwa na miaka 30 walipata karibu miaka 10 zaidi ya kuishi kuliko walioendelea. Walioacha wakiwa na miaka 40 walipata 9. Wenye miaka 50 walipata 6. Na hata wenye miaka 60 walipata 3. Miaka 3 ni misimu 6 ya mahindi kwa sehemu zenye mvua mbili.

Basi, msomaji, ikiwa wewe huvuti, lakini unaye ndugu, mume au jirani aliyejaribu akashindwa, usimcheke. Msomee maneno haya, kisha mfuate mpaka hospitali.